Mwaka wa Lori la Mzee Esekon

Habari za kifo cha mzee Esekon zilinifikia kwa ujumbe mfupi wa simu, nikiwa jikoni nachambua mchele. Aliyeuandika ni Mama Nakiru, mpishi wa yadi yetu ya zamani kule Lodwar, Turkana, kaskazini mwa Kenya, ambaye huandika Kiswahili vilevile anavyokisema: "Madam, ile mzee yako ya lori ametuacha. Tumezika yeye jana." Nilirudi kwenye sinia, na baada ya muda nikagundua kuwa nilikuwa natupa mchele na kubakiza mawe. Siku hizi nafundisha ufundi wa magari katika chuo kimoja, mbali sana na Turkana, na kila muhula huwaeleza wanafunzi wangu kuhusu lori la dizeli lililozimika ghafla njiani na kukataa kuwaka. Huwachorea ubaoni tangi, bomba, chujio, pampu na nozo ya kunyunyizia dizeli, kisha huwaacha wakisie. Wanalipenda somo hilo. Sijawahi kuwaambia kuwa dereva wa lori lile alikuwa na jina, wala kwamba kilichokuwa hatarini siku ile hakikuwa injini. Sasa kwa kuwa mwenyewe hayupo tena, najaribu kuyapanga mambo ya mwaka ule kwa utaratibu, na kadiri ninavyoyapanga ndivyo yanavyozidi kunichanganya.

Nilifika Lodwar nikiwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, diploma yangu imefungwa ndani ya karatasi ya plastiki ili isilowe, kana kwamba mvua ilikuwa inanisubiri huko. Shirika lililoniajiri lilikuwa dogo: yadi moja Lodwar, ghala moja Kakuma, na malori matatu yaliyopeleka unga wa uji kwenye zahanati zilizolisha watoto waliodhoofika. Nilipewa cheo cha afisa wa usafiri. Nilipanga chumba kimoja nyuma ya kanisa, chenye paa la mabati lililogutuka kila asubuhi jua lilipoligusa, na mfereji ambao adhuhuri ulitoa maji ya moto hata ukitaka ya baridi. Chakula cha mchana tulikula yadini, katika kibanda cha makuti ya mikoma alimopikia Mama Nakiru: githeri ya mahindi na maharagwe, au samaki wakavu wa ziwani waliochemshwa hadi wakasahau ukavu wao, na chai ya rangi yenye sukari ya kutosha watu wawili. Wapakiaji walikaa upande mmoja juu ya vigoda vyao vya mbao, madereva upande mwingine, nami katikati, kwenye kiti cha plastiki kilichokuwa peke yake, ambacho nilikikubali siku ya kwanza bila kuuliza kilikuwa cha nani. "Madam, umetoka Kenya lini?" dereva mmoja aliniuliza. Nikamjibu, kwa uzito wote wa elimu yangu ya uraia, kwamba hapa pia ni Kenya. Kibanda kizima kilicheka. "Sawa," akasema, "lakini ukirudi huko, tusalimie serikali."

Mzee Esekon hakucheka wala hakununa. Alikuwa dereva mkubwa kwa umri kuliko wote, mwembamba, mwenye tundu dogo chini ya mdomo, alipovaa pambo enzi za ujana wake, na alikula polepole huku akisikiliza zaidi ya kusema. Nilikuja kujua baadaye kwamba kiti cha plastiki kilikuwa chake.

Niliamini wakati ule, na bado naamini, kwamba unga wa mtoto aliyedhoofika ni amana, na kwamba anayeuchelewesha kwa makusudi amefanya jambo baya kuliko anavyodhani. Kwa hiyo nilipogundua kuwa lori la Esekon lilikuwa likitumia dizeli kupita mengine mawili, sikulichukulia kuwa swali la kiufundi. Nililichukulia kuwa swali la maadili. Kila mtu anajua jinsi dizeli inavyonyonywa kwa mpira kando ya barabara. Sikumwuliza mtu. Nilichukua tyubu kuukuu ya gurudumu, nikakata duara nene la mpira, nikalikaza chini ya kifuniko cha tangi kilichokuwa kimelegea, nikazungusha mkanda wa chuma juu yake, kisha nikaufunga kwa waya na lakiri ya risasi, isiyofunguka bila kukatwa. Kazi ilikuwa safi. Niliifanya asubuhi, mbele ya madereva na wapakiaji wote, kwa sababu niliamini pia kwamba mambo ya uadilifu hufanywa hadharani.

"Kuanzia leo," nikasema, "mkono wowote utakaogusa kifuniko hiki mimi nikiwa sipo ni mkono wa mwizi."

Wapakiaji wengi hawakuwa na Kiswahili kingi, lakini neno hilo la mwisho walilijua. Tena walijua nilikuwa nikimtazama nani nilipolitamka.

"Hata barabarani?" Esekon akauliza.

"Hata barabarani, mzee."

"Hata gari ikikufa?"

"Hata likifa."

Akaitikia kwa kichwa. "Nimesikia."

Wiki hiyohiyo lori likaanza kuzimika. Lilitoka Lodwar likiwa zima, likaenda kwa muda wa saa moja hivi, kisha likapoteza nguvu na kunyamaza. Lilipopumzishwa kwa muda mrefu liliwaka, likaenda kidogo, likazimika tena. Unga ulifika Kakuma jioni, akina mama waliokuwa wakiusubiri zahanati wakiwa wamekwisha kwenda zao. Safari ya pili ikawa vilevile. Nilibadilisha chujio, nikachunguza kama kulikuwa na maji ndani ya dizeli, nikatoa hewa kwenye mabomba, nikaliacha lingurume yadini asubuhi nzima, nalo likanguruma kama lililozaliwa upya. Sikuelewa. Nilivitoa vitabu vyangu vya chuo kutoka chini ya kitanda na kuvisoma mle chumbani huku jasho likidondoka juu ya michoro, na kila mchoro ulinihakikishia kwamba lori lile halikuwa na sababu ya kuzimika. Meneja wetu, Bwana Simiyu, mtu mpole aliyependa mambo yaishe haraka, alinisikiliza akiwa ameegemea dirisha. "Gari haliugui yadini, linaugua njiani tu," akasema. "Huo si ugonjwa wa gari, dada yangu. Huo ni ugonjwa wa dereva." Maneno yale yalinituliza kama dawa, kwa kuwa yalinipa mtu mahali ambapo nilikosa sababu. Niliandika barua ya kurasa mbili kupendekeza Esekon aachishwe kazi kwa kuhujumu gari. Bwana Simiyu akaamua kwamba nipande naye safari inayofuata. Lori likizimika tena nikiwa ndani, barua itumike, na dereva mwingine atakuwa Kakuma akisubiri ufunguo. Esekon aliambiwa hayo yote waziwazi. Aliuliza jambo moja tu, kama tutaondoka mapema.

Tuliondoka mapema. Nilikaa pembeni yake na daftari mapajani, nikimchunguza mikono. Aliendesha kwa ustaarabu ulioniudhi, akipunguza mwendo kwa kila kundi la mbuzi, akiwapungia watu waliokaa kwenye kivuli chembamba cha miti ya mathenge. Tulikuwa tumepita nusu ya njia nguvu zilipoanza kulitoka lori. Halikukohoa wala kutoa moshi mweusi. Lilipungua tu, kama sauti ya mtu anayesahau alichotaka kusema, kisha likanyamaza. Nilikuwa nimeitazama miguu na mikono yake muda wote. Hakugusa kitu. Aliliacha lori lijiviringishe hadi kando ya lami, akavuta breki ya mkono, akatoa ufunguo, akauweka kiganjani mwangu.

"Sasa iko yako, Madam."

Nilianza kama nilivyofundishwa. Niliwasha: stata ikazungusha injini kwa nguvu, kwa hiyo betri haikuwa na lawama. Nikamwomba awashe tena huku nikitazama bomba la moshi: hata uzi wa moshi haukutoka, maana yake dizeli haikufika kwenye silinda. Nikasikiliza swichi inayokata mafuta kwenye pampu: ikafanya tik, kama inavyopaswa. Nikachunguza chini ya chujio: hakuna tone la maji. Nikashika pampu ndogo ya mkono ili nivute dizeli kutoka kwenye tangi, na hapo nikakutana na jambo ambalo sikuwahi kukutana nalo chuoni. Kitufe kilishuka nilipokibonyeza, lakini kilikataa kupanda, kana kwamba kulikuwa na mtu ndani amekishikilia na hataki kukiachilia. Nililegeza skrubu ya kutolea hewa. Likatoka povu kidogo, kisha hakuna. Esekon alinipa spana kabla sijaomba, akalala chini ya gari pale nilipomwambia, akakaza nilichomwambia akaze. Kama alikuwa mhujumu, alikuwa mhujumu mwenye bidii sana.

Mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza makaa kando ya barabara alisogea karibu, shanga zimemjaa hadi kidevuni, akakaa juu ya gunia lake. "Ejok!" akatusalimia, kisha akamgeukia Esekon. "Gari imekataa wewe, ama imekataa huyu msichana?"

"Uliza yeye. Yeye ndio daktari."

"Daktari gani anaandika tu? Mgonjwa anakufa, yeye anaandika."

Nilifunga daftari. Nyuma ya kiti kulikuwa na jerikeni ya dizeli ya dharura. Nilifungua bomba linalotoka kwenye tangi, nikaunganisha mpira kutoka kwenye jerikeni hadi kwenye pampu, nikatoa hewa, nikawasha. Lori likanguruma mara moja. Yule mama akapiga makofi. Mimi nilisimama nikilisikiliza bila furaha, kwa sababu ilinibidi nikubali kwamba pampu ilikuwa nzima, nozo nzima, injini nzima, na hakuna aliyehujumu chochote kati ya vitu hivyo. Niliporudisha bomba la tangi, likazimika. Ubaya ulikuwa kwenye tangi. Ama lilikuwa tupu, na hapo Esekon alikuwa mwizi kweli, ama kulikuwa na jambo nisilolijua.

"Mzee, fungua tangi tuchungulie."

Aliweka spana chini. Akajipangusa mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, kisha akaipeleka nyuma ya mgongo.

"Hapo hapana."

"Mimi mwenyewe nipo. Nimekuruhusu."

"Umeruhusu hapa. Ulikataza kule."

Nilidhani ni ukaidi. Nikachukua koleo, nikakata waya, nikaondoa mkanda, nikashika kifuniko. Hakikuzunguka. Nilikishika kwa mikono miwili, nikajiegemeza kwa uzito wangu wote, na kilipolegea, tangi lilivuta pumzi. Sina namna nyingine ya kueleza. Hewa iliingia kwa mlio mrefu, na ubavu wa tangi uliokuwa umebonyea kwa ndani bila mimi kuuona ukarudi mahali pake kwa kishindo, ding! kama sufuria. Mwenye makaa alicheka hadi akashuka kwenye gunia. Nilichungulia. Dizeli ilikuwa palepale ilipopaswa kuwa, inametameta.

Kifuniko cha tangi lile kilikuwa na tundu dogo la kupitishia hewa. Dizeli inapotoka, hewa lazima iingie ishike nafasi yake. Isipoingia, tangi linanyonyana na pampu mpaka pampu inashindwa. Mimi nilikuwa nimeliziba tundu lile kwa duara langu la mpira. Yadini, lori likinguruma bila mzigo, dizeli ilitumika kidogo na hewa iliyopenya mahali fulani ilitosha; barabarani haikutosha. Tena, chini ya mdomo wa tangi niliona utando mweusi wa vumbi lililoganda kwa mafuta, mpana kama mkono, wa tangu zamani: dizeli iliyokuwa ikirukaruka na kumwagika kupitia kifuniko kilicholegea, kwenye njia mbovu za kuelekea zahanati. Huo ndio wizi niliokuwa nimeugundua.

"Ulijua?" nikamwuliza.

"Ulisema mwenye atagusa ni mwizi. Mimi sikugusa."

"Lakini ulijua tangu mwanzo, mzee?"

"Sikugusa, Madam."

Nilimwuliza mara ya tatu, akaingia kwenye gari. Hadi leo nimeshindwa kuamua. Kama hakujua, basi nilimdhalilisha mtu asiye na hatia, na hilo ni zito vya kutosha. Kama alijua, basi aliliacha lori lenye uji wa watoto lizimike safari tatu, akakubali kupoteza kazi, ili tu mkono uliofunga ndio ufungue. Na hapo sijui kama nimwite mwadilifu kuliko mimi au mkatili kuliko mimi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mema hayapingani.

Kakuma tulifika mchana. Dereva mpya alikuwa ameketi kwenye ngazi ya ghala na begi lake. Niliingia moja kwa moja ofisini kwa Bwana Simiyu, aliyekuwa ametutangulia kwa gari dogo, nikamweleza kila kitu kwa Kiingereza, bila kujitetea. Alinisikiliza, akaichukua barua yangu, akaichana vipande vinne. "Umefanya vizuri kusema," akaniambia. "Yameisha." Nilitoka pale nikiwa mwepesi. Nilimkuta Esekon katika hoteli ndogo ya Wasomali karibu na soko, akinywa chai ya maziwa. Meza ya jirani vijana wa Kikongo kutoka kambi ya wakimbizi walikuwa wakibishana kuhusu mpira kwa Kiswahili chao chenye mwendo wa wimbo. Nikamwambia jina lake limesafishwa.

"Nani alisikia?" akauliza.

"Meneja."

"Na wale wa Lodwar?"

"Watajua, mzee. Unaendelea na kazi."

Alizungusha kikombe mezani. "Madam, mimi niko na mtoto wa dada yangu pale kwa wapakiaji. Alisikia ile neno. Alienda nyumbani, bibi yangu akasikia. Sasa wewe umeenda kuitoa ndani ya ofisi, na Kiingereza, mlango imefungwa." Akanywa. "Neno yako bado iko kule uwanjani. Mtu akipita anaikanyaga."

Nikamwahidi kwamba kesho kutwa, asubuhi, Lodwar, mbele ya wote, nitaliondoa.

Bwana Simiyu hakuipenda ahadi ile. Alinieleza kwa upole kwamba afisa akijishusha mbele ya wapakiaji hatasikilizwa tena, na kwamba watu wakijua lakiri zina makosa watazikata zote. Yalikuwa maneno ya busara. Hata leo sijayapatia jibu kamili. Kwa hiyo asubuhi ile, mbele ya wote, nilisema kwamba kumegunduliwa hitilafu ya kiufundi katika mfumo wa tangi, kwamba hitilafu hiyo imerekebishwa, na kwamba tunawashukuru madereva kwa uvumilivu wao. Ilikuwa sentensi nzuri. Nilikuwa nimeiandika mapema nikaisoma. Wapakiaji walinitazama kama watu wanaotazama redio.

Esekon alitembea hadi kwa Mama Nakiru, akamkabidhi ufunguo wa lori kama mtu anayerudisha kijiko, akaelekea langoni. Nilimkimbilia.

"Mzee, nimesema!"

"Umesema," akakubali. "Hujanitaja. Na wewe hujajitaja. Sasa hiyo kitu ilijifanya yenyewe?" Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Mimi nitachunga mbuzi. Mbuzi haiiti mtu mwizi."

Nilirudi uwanjani. Watu walikuwa wameanza kutawanyika. Niliwaita tena. Bwana Simiyu alikuwa mlangoni pa ofisi na kikombe chake. Nilisema: Mimi ndiye niliyeziba tangi. Lori lilizimika kwa sababu yangu. Nilimwita mzee Esekon mwizi na hakuwa mwizi, hakuiba hata tone. Nilisimama nikisubiri. Madereva wawili walitazama chini. Wapakiaji, zaidi ya kumi, walinikodolea macho yaleyale, na nikaelewa kwa hofu kwamba yale maneno yangu, niliyoyasuka kwa sarufi safi, yalikuwa yamewapita juu ya vichwa.

"Hawa hawajashika hiyo Kiswahili yako," ilisema sauti nyuma yangu. Esekon hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama langoni, nusu ndani, nusu nje. "Ngoja."

Akaja akasimama kando yangu, bega kwa bega nami, akaanza kutafsiri kwa Kiturkana. Mimi nilikuwa nimesema sentensi tatu. Yeye alizungumza kwa muda mrefu. Alionyesha tangi, akaonyesha barabara, akaweka mikono nyuma ya mgongo, akaigiza mtu anayesukumana na kifuniko. Alivuta pumzi kwa mlio mrefu. Wapakiaji walianza kucheka, kwanza mmoja, kisha wote, na mmoja akajifuta machozi. Halafu sauti ya Esekon ikashuka, akasema maneno machache polepole, na kicheko kikakatika kabisa. Wote wakanigeukia. Mzee mmoja miongoni mwao akanitazama usoni kwa muda ambao sikuuzoea, akaitikia kwa kichwa. Mimi nikaitikia pia, bila kujua nilikuwa nimekubali nini.

Mama Nakiru akamletea ufunguo. Tulipokuwa tukielekea kwenye lori nikamwuliza amewaambia nini, hasa pale mwishoni.

"Nimesema vile ulisema," akajibu, akapanda garini.